Nywele za Kenga Zilipopigwa na Mvua

Jumamosi ya harusi ya Kenga, benchi la kahawa la Barakat hapa Changamwe lilijaa mapema. Yalikuwa masika ya mwaka arubaini na sita, na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, walikuwa wakirudi kutoka vitani Bama, huyu na blanketi, yule na saa, mwingine na mguu mmoja. Kenga alirudi na nywele zilizonyooka. Madereva weusi wa Kiamerika ndio waliomfunza kule: magadi makali ya kupikia sabuni, kiazi na yai, vikorogwe, vipakwe. Zilipoota mpya akajipaka mwenyewe, akasahau kutanguliza mafuta, akaungua kichwa kizima. Nyamvula, msusi wa mtaa na mamake mchumba wake Kadzo, alisema hamwozi bintiye kwa mtu aliyejipika. Hiyo ilikuwa Disemba. Sasa harusi ilikuwa kanisani, na sisi tunangoja kukiona kichwa.

— Zitarudi kuwa kipilipili, akasema Karisa, fundi wa reli tunayemwita Bwana Relwe. Wingu lile mwaliona? Nywele ikilowa hurudi kwao.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akajibu Nguma. Huyu aliwahi kufagia wodi, basi jina lake Daktari. — Lakini mimi nywele sizihofii. Nahofia ubongo. Magadi hushuka. Yakifika ubongoni mtu husahau jina la mkewe.

— Hana mke bado.

— Ndiyo maana kasisi afanye haraka.

Mzee Mahfudh, tunayemwita Kadhi kwa kuwa huhukumu kila jambo, akashusha kikombe.

— Sikizani. Wallahi si magadi, ni kiazi. Kiazi maisha yake ni kulala chini ya mchanga, basi ukikipaka, na nyele nazo hulala. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki ameingiaje hapa, ami Mahfudh?

— Ameingia na kiazi. Kwani nyinyi hamjala?

Barakat alikuwa akichochea makaa. Akainua uso.

— Nyinyi mwacheka. Mimi na Nyamvula ukuta wetu ni mmoja. Nilimwona Kenga alipokuja, kofia imegandana na vidonda. Harusi hakuitaja. Alisema tu, "Mama, kinaniuma."

— Akamfukuza?

— Akamketisha. Akailowesha kofia kwa mafuta ya nazi, kidogo kidogo, mpaka ikabanduka. Akamkataza sabuni ya kipande, akamkataza na maji ya kisima kwa ile chumvi yake. Miezi mitatu alimwosha kwa maji ya mvua, na usiku afunge leso. Ngozi ilipopona akamwambia, "Nifundishe hiyo dawa yako, nami nikufundishe kichwa."

— Wakapaka tena? akauliza Daktari.

— Wiki iliyopita, pamoja. Mafuta kwanza mpaka ngozi ing'ae, dawa kwenye nywele mpya tu, halafu maji ya ndimu kumalizia. Nilitega sikio nisikie kilio. Nikawasikia wanacheka.

Hapo kengele ya kanisa ikalia, na mvua ikaanguka nayo. Tukajibana chini ya kipenu cha Barakat. Maharusi wakatokea na vigelegele nyuma yao. Kenga alikuwa amelivua koti akamfunika Kadzo, naye akitembea kichwa wazi. Njia ni moja, ikawaleta mpaka kwetu.

— Shikamoo, mzee, akamwambia Kadhi, akainamisha kichwa.

— Marahaba, mwanangu.

Tulikiona chote. Kovu moja dogo nyuma ya sikio, basi. Mstari wa kichana ulikuwa palepale kushoto. Maji yaliteremka hadi kwenye ukosi, na hakuna unywele uliojikunja.

Bwana Relwe hakuweza kujizuia.

— Waniruhusu niguse?

— Gusa, kaka.

Akagusa. Akautazama mkono wake uliolowa.

— Hazikurudi, akasema polepole.

— Mimi ndiye niliyerudi, akajibu Kenga. Kadzo akacheka ndani ya koti, na wanawake wakapiga vigelegele upya mpaka watu wa ng'ambo ya reli wakatoka milangoni.

Walipokwisha kupita, Nyamvula akasimama mbele yetu na mwavuli wake. Leo alivaa kama mtu aliyeshinda kesi.

— Jumatatu twafungua kazi ya nywele barazani kwangu, mimi na mkwe wangu. Kichwa hiki mmekizungumza tangu Disemba. Nani atakayekalia kiti kwanza?

Daktari akaitazama mvua. Kadhi akajipapasa upara. Barakat akaliinamisha dele la kahawa juu ya kikombe, likatoa matone mawili na mashapo.

Bwana Relwe akaivua kofia yake, akaiweka magotini.

— Mafuta kwanza, sivyo, mama?

— Mafuta kwanza, akasema Nyamvula.