Mzee Fundo, Aliyenywesha Ng'ombe wa Ranchi kwa Miaka Thelathini na Miwili

Marehemu mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Fundo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa mchunga ng'ombe na mama yake alifinyanga vyungu. Mama huyo alikuwa akisema kwamba usiku wa uzazi mvua ilivuja mpaka juu ya kitanda, na hakuna aliyedhani mtoto yule angekuja kuzeeka akitafuta maji.

Alianza shule mwaka 1976 akaishia darasa la sita, baba yake alipovunjika nyonga na mifugo ikakosa mtu wa kuitoa zizini. Hesabu aliipenda. Barua ndefu zilimshinda, na zile za ofisini alizileta nyumbani, yeye na mke wake wakazisoma pamoja, kidole juu ya mstari.

Mwezi Mei 1993 aliajiriwa katika ranchi hii kufungua na kusafisha mabirika ya kunyweshea. Fundi wa pampu wa wakati ule, ambaye naye ametangulia, alimfundisha mambo mawili. La kwanza ni kamba yenye fundo kila mita moja. Kila alfajiri marehemu aliishusha kisimani, akahesabu mafundo makavu mpaka penye maji, akaandika kwa chaki mlangoni. Ndipo alipopata jina lake. La pili ni taa. Kabla mtu hajashuka kisimani, hutangulizwa chemli inayowaka. Ikizimika, hakuna anayeshuka. Mwaka 1996 taa ilizimika mbele ya macho yake katikati ya kisima, naye akiwa tayari amevua viatu. Tangu siku ile aliiamini taa kama mtu anavyomwamini mama yake.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Ndama na wanaonyonyesha walikunywa kwanza, mitamba wakafuata, madume mwisho, kwa sababu dume akitangulia huingiza miguu birikani na wenzake hunywa tope. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mweupe, mwenye pembe moja, aliyetoroka kundini kila siku kuja kunywa katika pipa la nyumbani kwetu. Marehemu alimwita Shemeji.

"Mwache anywe," alisema. "Shemeji hafukuzwi."

"Na wewe utaoga nini?" mke wake alimuuliza.

"Nitaoga kesho."

"Jana pia ulisema kesho."

Mganga hajigangi. Mtu aliyenywesha ng'ombe mia nne na ishirini, pipa la kwake lilikuwa kavu siku nyingi kuliko lilivyojaa.

Mke wake alikutana naye birikani, mwaka 1994, alipokuja na shangazi yake na ndoo mbili. Marehemu aliwaambia kwa heshima kwamba maji yale ni ya ng'ombe. Shangazi akamuuliza, "Na sisi baba tule nyasi?" Marehemu alikwenda chumbani kwake akarudi na dumu lake la kunywa, akalimimina lote katika ndoo zao. Njiani shangazi alisema, "Huyu hana kitu, lakini hana roho mbaya." Walifunga ndoa tarehe 22 Julai 1995, wakajaliwa watoto watatu.

Sasa nieleze mwaka huu, kwa maana wengi mmeniuliza na kila mtu ana habari yake.

Mwezi Juni mota ya kisima kirefu iliungua. Nyingine iliagizwa, na kila wiki tuliambiwa iko njiani. Ng'ombe wote wakarudi kutegemea kisima cha zamani kilichochimbwa kwa mkono, kwa pampu ya injini ya petroli. Mwezi Aprili kamba ilikuwa na mafundo makavu matano. Agosti yalifika kumi na moja. Pampu ikikaa juu haiwezi kunyonya maji yaliyo chini hivyo, ikawa inavuta hewa tu. Ng'ombe kumi na saba walikufa. Waliobaki walilamba simenti ya birika, na marehemu aliacha chakula mezani kwa sababu ya sauti zao.

Ndipo akafunga jukwaa la mbao ndani ya kisima, mita nane kutoka juu, akaishusha injini pale kwa trekta ili iwe karibu na maji. Hakulazimishwa na mtu. Alikwenda kuona ranchi mbili za jirani wakifanya hivyo hivyo, akarudi akasema, "Kumbe rahisi." Na maji yakapanda. Siku ile alicheka, tukacheka naye.

Kuanzia katikati ya Agosti alianza kuumwa kichwa. Alirudi jioni akitapika, miguu haina nguvu. Tulisema ni jua, tukasema ni uzee, na mke wake alimpa vidonge vya maumivu. Siku za Jumapili, ambazo hakwenda kisimani, hakuumwa. Mke wake aliliona jambo hilo, Jumapili tatu mfululizo, na hakulielewa. Mungu amsamehe.

Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, injini ikiwa imeunguruma tangu alfajiri, maji yalikatika. Tope lilikuwa limeziba mdomo wa bomba. Aliuvuta waya wa kuzimia, uliofika mpaka juu, akaizima injini, akatanguliza taa kama kawaida. Mkamuaji wa ranchi ndiye aliyekuwa naye, na ameniruhusu niandike maneno yao.

"Inawaka?" marehemu aliuliza, akiwa anafunga kamba kiunoni.

"Inawaka vizuri, mzee."

"Basi nishushe taratibu. Mimi si gunia la pumba."

Alifika jukwaani, akaifungua kamba ili aweze kuinama penye bomba. Baada ya dakika chache alisema anasikia usingizi. Mkamuaji alidhani ni mzaha. Kisha akasikia kishindo cha maji. Alitaka kuruka ndani, na dereva wa trekta akamshika mkanda akamwambia, "Ukiingia tutazika wawili." Walimtoa kwa ndoano baada ya dakika arobaini. Taa ilikuwa bado inawaka pale jukwaani.

Daktari wa kituo cha afya alitueleza polepole, nasi tukamwomba arudie. Taa hujua hewa inapokwisha. Moshi wa injini haiujui. Sumu yake haina harufu, hukaa kisimani hata baada ya injini kuzimwa, mtu huzimika na taa huendelea. Marehemu hakufanya uzembe. Alifanya sawasawa vile alivyofundishwa, na ndivyo alivyokufa. Kichwa kile cha Agosti, alipokuwa akishuka kila siku kuiwasha injini na kuitia petroli, kilikuwa sumu hiyo hiyo.

Ninaandika haya kwa sababu injini bado iko kisimani. Alhamisi mchana meneja alikuja kutupa pole, nasi tunamshukuru. Akamwambia mwanangu wa kwanza, "Kijana, kazi ya baba yako unaijua. Jumatatu tunahitaji maji." Mwanangu akasema atashuka. Nilikuwa nimeshika sinia la chai.

"Utashuka wapi?" nilimuuliza.

"Nitatanguliza taa, mama."

"Baba yako hakuitanguliza?"

Akasema, "Mama, ng'ombe wanakufa." Sauti ilikuwa ya baba yake kabisa.

Wanawake wa kambi ya wafanyakazi tumekubaliana. Kuanzia Jumatatu tutavuta maji kwa kapi na ndoo kutoka juu, kwa zamu, tukiwa tumesimama nje ya kisima. Hayatatosha. Ng'ombe wengine watakufa, nasi tunalijua hilo. Meneja tunamwomba, mbele ya jeneza hili, injini ivutwe nje kwa trekta leo, tukitoka makaburini. Na ninyi wa ranchi za jirani, mlio nayo injini ndani ya kisima, mkifika nyumbani itoeni. Karatasi hii msiitupe.

Marehemu ameacha mjane, ndugu wanne, shangazi mmoja, watoto watatu na mjukuu mmoja wa miezi mitano. Mtoto wa pili ni fundi cherehani. Wa tatu yuko shule. Wa kwanza ana miaka ishirini na tisa, ndiye baba wa mjukuu, na mpaka ninapoandika mstari huu hajaniahidi chochote. Ninamwomba atakapotupia udongo, aniahidi hapo hapo, watu wote wakisikia.

Mume wangu apumzike kwa amani, na mtu yeyote asimfuate kwa njia ile.