Bi Maji Kwanza na Rangi ya Uongo

Wasikilizaji wapendwa, mtangazaji wenu leo amefunga tai. Redio haiionyeshi, lakini marehemu angejua. Tunamkumbuka mpima dawa wa maabara, mama wa binti mmoja na mtaa mzima, tuliyemwita Bi Maji Kwanza.

Jina hilo alilipata jikoni. Wifi yake alionja chai, akakunja uso. "Majani gani haya? Yananuka moshi!" Bi Maji Kwanza hakubisha. Alichemsha maji matupu katika sufuria ileile, akampa. Nayo yakanuka moshi. "Umeona, wifi? Kabla ya kuyashitaki majani, yaulize maji kwanza."

Wifi anasema, "Sikumsemesha mpaka jioni. Sufuria ilikuwa yangu."

Wasikilizaji wapendwa, tabia hiyo iliokoa watu. Maabara yao ilikuwa inahakiki njia mpya ya kupima protini katika seramu ya kutibu sumu ya nyoka. Unatia kemikali, seramu inageuka buluu. Buluu ikikolea, protini ni nyingi. Protini ikizidi mno, inaweza kumdhuru mgonjwa. Siku hiyo buluu ilikolea kama wino. Mkuu wa maabara akaamuru seramu yote imwagwe. Hospitalini ghala lilikuwa tupu, na walioumwa na nyoka walikuwa wodini, wanasubiri.

"Bosi, tuyaulize maji kwanza."

"Mama, wewe na maji yako! Hapa si jikoni."

"Jikoni ningekuwa nimeshamaliza."

Alichukua maji ya chumvi yasiyo na protini hata chembe, akayatia dawa ileile inayohifadhi seramu isiharibike. Akapima. Yakageuka buluu. Narudia, wasikilizaji: hayakuwa na protini, yakageuka buluu! Mwongo alikuwa dawa ya kuhifadhi. Wakaitenga protini na dawa hiyo, wakapima upya, kipimo kikakaa sawa. Seramu ikaenda hospitali.

Mkuu anakumbuka: "Nilimwomba radhi. Akanijibu, 'Kunywa maji, bosi, midomo imekukauka.'"

Juzi, wageni wa msiba walipoondoka, mumewe alipika chai. Ikawa chungu. Binti yao akasema, "Baba, labda ni majani."

Mzee akaosha sufuria, akachemsha maji matupu, akaonja. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Majani hayana kosa, mwanangu. Hata maji ni machungu."

Kwa mzee, kwa binti, kwa wifi na sufuria yake: poleni sana. Nasi tuliobaki, kabla ya kumhukumu mtu leo, tuyaulize maji kwanza. Mungu amlaze pema.

Tai naifungua sasa. Nakwenda kunywa maji.