Bibi Si Mzazi

Historia hii imeandikwa na bibi wa marehemu, aliyeishia darasa la tatu, ingawa uani wamejaa wajukuu wenye vyeti vyao, leo wote wamenirudishia kalamu, basi mkisikia sentensi imepinda mvumilie, anayewasomea hapa hana kosa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, katika hospitali ya wilaya, mtoto pekee wa mwalimu mkuu na mkewe aliyefariki binti akiwa na miaka sita. Alisoma shule ya baba yake mwenyewe, mwepesi wa kuimba, mzito wa hesabu, na Januari 2000 matokeo yalipotoka amefeli, baba yake, aliyekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba binti yake atakuwa wa kwanza, alimtolea begi nje akafunga mlango.

Bibi wakati huo alikuwa mpishi katika nyumba ya watu, akilala stoo na magunia ya mkaa, hakuwa na pa kumweka, akampeleka bweni la serikali la vijana wasio na makazi. Kanuni ilisema kijana hapokelewi mpaka mzazi aje mwenyewe aseme mbele ya afisa kwamba amemshindwa, na afisa akasema bibi si mzazi, naye bibi akamuuliza huyo mzazi mnayemtaka alizaliwa na nani, akaonyeshwa geti. Mwalimu aliitwa, hakwenda, aliona aibu, na binti akalala kwenye vibanda vya soko miaka miwili.

Kazi yake ya kwanza aliipata kwa dobi mmoja, mwanamke aliyemkuta amelala kwenye ngazi zake, akamfundisha kupiga pasi na kubishana na wateja. Tarehe 5 Septemba 2009 alifunga ndoa na fundi baiskeli, mtu mpole asiyeweza kugombana hata na mnyororo, wakajaliwa mabinti wawili, pamoja na vijana kadhaa waliokuja kula wakasahau kuondoka.

Kuanzia 2011, kila Jumatatu aliwachukua vijana wa sokoni, kila mmoja na boksi lake la kulalia, wakayatandika kwenye korido ya wizara na kujilaza bila kelele, makarani wakiwaruka na mafaili mikononi, wakisema, "Mama Maboksi, leo tena?" naye akijibu, "Leo tena, mwanangu, hapa hapavuji." Alichotaka ni kimoja tu, ile kanuni ya mzazi ifutwe, na kila mwaka alijibiwa kwamba hakuna mzazi anayemtupa mtoto, hao ni watoro, wanasingizia.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, na Mei 2022 kamati ya bunge ilipokubali kumsikiliza, ilitaka mzazi mmoja tu aje akiri. Alimfuata baba yake, miguu imemvimba, hakumlaumu, alisema tu, "Baba, mimi muda sina." Mwalimu akavaa koti lake la kufundishia, akaenda, akasimama katika ukumbi wa kamati mbele ya kamera, akasema, "Nilimfukuza mimi. Alifeli, nikaona aibu. Nilipoitwa bwenini, nikaona aibu zaidi." Kanuni ilifutwa tarehe 1 Novemba mwaka huo huo, na marehemu alifariki tarehe 14 Juni 2023, hospitali ya rufaa, bibi akimkanda miguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliowalea mabinti, dobi na wenzake wote, na makarani wa wizara waliofika, karibuni, leo hamna wa kumruka.

Kuhusu mwalimu, aliyekaa mstari wa mbele hapo, alikuwa na shikamoo za mtaa mzima, watu wakivuka barabara kuja kumwamkia, na tangu taarifa ya habari ya jioni ile wanavuka kwenda upande wa pili, hakubakiwa na hata moja isipokuwa ya binti aliyemfukuza, aliyemwamkia mlangoni mwa ukumbi ule, na kila asubuhi baada ya hapo, na hiyo ndiyo tunayoizika leo. Pumzika sasa, mama, kwa amani yote.