Mama Kulsum, Majina ya Timu na Chumba cha Kuoshea Trei

Ijumaa tarehe 30 Juni 2017, saa tisa alasiri, Bi. Kulsumbai Jiwa atagonga kadi yake kwa mara ya mwisho katika Kiwanda cha Mikate na Biskuti cha Madatali, hapa Scarborough. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja kazini, yote katika chumba cha kufungashia. Aliingia mwaka 1986 kufungasha biskuti za nankhatai na mwaka 1994 akafanywa msimamizi. Amechelewa mara moja tu, siku theluji ilipozuia mabasi yote, na hata siku hiyo alifika kabla ya mwenye kiwanda.

Mimi, Josephine wa ofisi ya zamu, nimeombwa kuandika haya ya kumuaga kwa sababu ndimi ninayepanga ratiba na ninajua nani alifanya kazi lini. Nitasema machache kuhusu nankhatai. Zaidi nitasema kuhusu majina ya utani ya timu za mpira za Uingereza, na kuhusu chumba cha kuoshea trei, kwani hayo mawili yalipokutana ndipo kazi za watu sita ziliponusurika.

Mama Kulsum alizaliwa Tabora, binti wa fundi wa redio. Dukani kwa baba yake wateja walikusanyika Jumamosi kusikiliza mpira kutoka London, naye, msichana wa miaka tisa, akawa anaandika matokeo ubaoni kwa chaki. Mabao hayakumsumbua. Kilichomkera ni kusikia timu nzima ikiitwa watengeneza kofia, nyingine mafundi viatu, nyingine wafinyanzi, na kila mtu dukani kuona ni sawa tu. Akaanza kuuliza kwa nini, na hajaacha mpaka leo.

Mwaka 2003 alibandika kadi ya kwanza ya kueleza jina la timu kwenye ubao ulio karibu na saa ya kugonga kadi. Kuanzia hapo kila Jumatatu ilikuwapo mpya, kwa Kiswahili, maana kiwandani petu Mgujarati, Mhaya, Mkamba na Mshi wa Bukavu wote hukutania kwenye Kiswahili. Wengi wetu tulikuja Kanada na majina tuliyoyazoea katika magazeti ya Dar, Washika Bunduki na Wagonga Nyundo, tukiyataja bila kujiuliza. Ni yeye aliyetueleza kwamba Arsenal ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, na kwamba nyundo za West Ham ni za wafua chuma waliounda meli kando ya mto Thames. Tukajua Luton walishona kofia, Northampton viatu, Walsall matandiko ya farasi, na kwamba Sheffield United wanaitwa Visu kwa sababu mji wao ulifua visu. Everton na peremende zao aliwapa kadi mbili, kwa kuwa kuna maduka mawili yanayogombea sifa hiyo naye hakutaka kumdhulumu mtu.

Yeye mwenyewe hana timu. Kwa kweli hatuna ushahidi kwamba amewahi kumaliza kutazama mechi moja. Tulipomkaribisha kuangalia fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2010 alisinzia dakika ya ishirini, akaamka watu wanakunja viti, akauliza kama kuna chai iliyobaki.

Tena ni mtu wa kukiri. Utaratibu wa kadi ya "Nilikosea" ni wake: ukiunguza biskuti au ukifungasha mzigo wa Markham kwenye boksi la Brampton, unaandika mwenyewe ubaoni kabla hujaulizwa, na baada ya hapo ni marufuku mtu kukusema. Februari 2010 ikawa zamu yake. Alikuwa ameandika kwamba Norwich wanaitwa Chiriku kwa sababu ya jezi zao za njano. Dereva anayetuletea unga, Mwingereza wa huko huko Norwich, aliliona jina la mji wake ubaoni akaniomba nimtafsirie. Akacheka mpaka akakaa juu ya magunia. Akasema mambo ni kinyume: karne nyingi zilizopita wafumaji wa nguo walivuka bahari kukimbilia mji ule, wakaja na ndege wao wa kufuga, wenyeji wakawapenda ndege hao, timu ikachukua jina, na jezi za njano zikaja mwisho.

Mama Kulsum hakula chakula cha mchana siku hiyo. Kadi ya "Nilikosea" aliiacha ubaoni wiki tatu, na chini yake akaongeza: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wakati huo Pulchérie alikuwa na mwezi mmoja kiwandani. Kwao Bukavu alikuwa muuguzi. Hapa vyeti vyake havikukubaliwa, akapangiwa chumba cha kuoshea trei, kule nyuma kwenye mvuke. Ndugu zake aliwaambia anafanya kazi hospitali. Nilikuwapo alipomwambia Mama Kulsum, mbele ya kadi ile ya Norwich, "Mama, mie nilikuwa infirmière ku Bukavu. Leo niko nasafisha trei. Jina gani iko mu trei?" Mama Kulsum hakumpa maneno matamu. Alimwambia hajui, ila viatu na kofia navyo havikuwa na jina mpaka watu walipolishika.

Jibu lilikuja Agosti 2012, kwenye bonanza la viwanda. Timu yetu ilikuwa inajiita Simba wa Scarborough, jambo lililomuudhi Mama Kulsum tangu mwanzo. Alisema hajawahi kuona simba akikanda unga. Siku hiyo tulicheza na mafundi wa majokofu, wengi wao Waswahili kama sisi. Kipa wetu Calvin alikuwa wa chumba cha trei, na mashabiki wao walipolijua hilo wakaanza kuimba, "Waosha trei, rudini jikoni!" Tulipofungwa bao la pili Calvin alivua glovu akaenda kukaa nyuma ya goli. Nilimwita, akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya vijana waliokulia hapa, kwamba hachezi tena. Pulchérie alikuwa pembeni yangu, ameivuta kofia mpaka puani.

Mama Kulsum aliweka chini sahani ya sambusa. Akasimama, mwanamke mfupi wa miaka sitini na miwili, akaanza kupiga makofi na kupaza sauti: "Wa-o-sha trei! Wa-o-sha trei!" Peke yake kabisa. Niseme ukweli, niliona aibu. Kisha Pulchérie akavua kofia, akasimama naye, na sauti yake, kumbe, ni sauti ya kwaya. Ndipo tukainuka wote. Wale mafundi wakakosa la kuimba, maana tusi lao tulikuwa tumeshalichukua. Calvin akavaa glovu. Tulifungwa tatu kwa moja, na Jumatatu ikabandikwa kadi yenye maneno machache kuliko zote: "Sisi ni Waosha Trei. Sababu mnaijua." Mwaka uliofuata jezi zilichapishwa hivyo, na Pulchérie alituma picha yake Bukavu akiwa ameivaa.

Novemba 2013 Bwana Madatali alinunua mashine ya kuoshea trei. Watu sita wa chumba kile wangeachishwa kabla ya Krismasi. Mama Kulsum alikwenda ofisini kwake, nami nilikuwapo na daftari langu la zamu.

"Kulsumbai, mashine nimeshanunua. Sasa niiweke sebuleni kwangu niitazame?"

"Weka kiwandani, Madatalibhai. Lakini Reading walikuwa Watu wa Biskuti kama sisi. Kiwanda chao kikaacha kuoka, timu ikatafuta jina la kifalme, na leo nani anamkumbuka aliyekanda unga? Wewe ulivaa jezi yetu bonanza la mwaka huu. Utaivaaje kama walioipa jina hawapo?"

Bwana Madatali akaniomba daftari. Tulipekua pamoja, tukapata nafasi mbili kwenye tanuri na tatu kwenye kufungasha. Tano. Aliyebaki ni Pulchérie, kwa kuwa ndiye aliyeajiriwa mwisho.

Kila mtu hapa anajua kwamba tangu mwezi huo Mama Kulsum amefanya kazi nusu wiki kwa sababu ya magoti, na kwamba Pulchérie akapewa nusu iliyobaki. Mimi niliyeiandika ratiba hiyo ninajua mpangilio ulikuwa mwingine. Alimwambia Bwana Madatali, "Kata kazi yangu katikati, mpe yeye nusu." Alipotoka nje alinishika mkono akasema tuwaambie watu ni magoti, Pulchérie asije akajiona ni mzigo. Kwa miaka mitatu na nusu ameishi na nusu mshahara, na siku ambazo si za zamu yake amezitumia kumfundisha Pulchérie kila kitu anachokijua. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Alinikataza nisiliseme hili popote. Nimelisema, Mama, na hasira zako nitazipokea. Pulchérie analisoma leo kwa mara ya kwanza, pamoja na ninyi nyote. Kuanzia Jumanne tarehe 4 Julai yeye ndiye msimamizi wa chumba cha kufungashia, wiki nzima.

Mama Kulsum, kwa niaba ya Waosha Trei wote, asante. Umetupenda, nasi tunakupenda, na hatuoni haya kulichapisha. Nenda Unionville kwa binti yako Inara ukale raha ya miaka yako, Mungu akupe umri mrefu na usingizi mtamu hata katikati ya fainali. Bonanza ni Jumapili ya kwanza ya Agosti. Magoti yako ni mazima, wote sasa tunajua, kwa hiyo usitutumie udhuru.