Uchovu wa Elias Jenereta

Benchi liko nje ya nyumba yangu hapa Igoma, nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma, na kahawa naipika mwenyewe, kwa sababu wanaume hawa niliwahi kuwaachia birika wakachemsha kitu cha kupaka ukutani. Jua likipungua ukali wanakuja. Ndalahwa aliuza ng'ombe wake wote akahamia mjini, lakini mdomo wake bado unachunga, tunamwita Zizi. Florian ni Mhaya aliyestaafu ofisi ya kilimo, tunamwita Semina, na ukimsikiliza kidogo tu utajua kwa nini. Na Elias, fundi wa mageti, tulimpa jina la Jenereta siku zile alipokuwa akinguruma tangu alfajiri. Siku hizi ni jenereta iliyoishiwa mafuta. Jioni ile alikuja kidole gumba kimefungwa kitambaa, akakaa pembeni, na kikombe nilichompa akakishika tu.

– Grinda ya kukatia vyuma, akasema kabla hatujauliza. Imepita juujuu. Akili haikuwepo.

– Juzi akili haikuwepo ukaweka bawaba upande usio wake, nikamwambia. Geti la binti wa watu linafungukia mtaroni, mgeni akiaga anazama. Leo kidole. Kesho utatuletea mkono kwenye kikapu.

– Nimechoka, bibi. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Semina akaweka kikombe chini. Alikuwa analingoja neno hilo.

– Uchovu wa namna hiyo hauna dawa ya dukani. Unatolewa kwa tabia, tena ndogondogo. Kwanza, ukiamka, maji ya uvuguvugu kabla hujamsalimia mtu.

– Hakuna wa kumsalimia.

– Basi umeshaanza vizuri. Pili, simu isilale chumbani. Ilale sebuleni.

– Inalala chini ya mto.

– Ndiyo hiyo inayokunyonya.

– Na Leonsia akipiga usiku?

Leonsia ni mkewe. Alikwenda kwao Muleba kumuuguza mama yake kabla mvua hazijaanza. Mvua zimenyesha, zimekwisha, vumbi limerudi barabarani, Leonsia hajarudi. Hawakugombana. Mama hainuki kitandani, na mtoto wa kumgeuza ni Leonsia peke yake.

– Tatu, Semina akaendelea, kahawa ya jioni aiache.

– Hilo kalisemee kwenye benchi la mtu mwingine, nikamwambia.

Akaifuta ya tatu. Zizi akakohoa.

– Maji, simu, hayo ni mambo ya ofisini. Mwili unataka kushtuliwa. Atoke kitandani kwa mguu wa kushoto, aende mpaka ziwani, akanyage maji, arudi bila kugeuka nyuma.

– Kutoka Igoma mpaka ziwani kwa miguu? Semina akauliza. Si atarudi jioni?

– Na jioni hiyo atalala.

– Kazi yake nani atafanya? Mimi nasema achomelee uso ukiwa umeelekea Usagara. Upepo wa kule ni mkavu, unaingia kichwani unafagia. Tulifundishwa kwenye mafunzo.

– Mafunzo ya nini?

– Ya pamba.

Elias hakucheka. Zamani kahawa ingemtoka puani. Zizi, alipoona Semina anamzidi kwa upepo, akaingia zizini kwake.

– Ng'ombe akidhoofika na ugonjwa hauonekani, unambadilishia mahali pa kulala. Alikuwa huku, unampeleka kule. Hukai sana, anaanza kupiga mateke. Jenereta, kitandani unalala upande gani?

– Wa mlangoni.

– Hamia ukutani. Leo hii.

– Siwezi.

– Kwani umefungwa kamba?

– Ule ni wa Leonsia.

Tukanywa kahawa. Mimi nimefiwa zamani, nalala katikati ya kitanda, nimezoea. Sikuona haja ya kumwambia inachukua muda gani mtu kufika katikati.

– Shuka nafua, Elias akasema, kama aliyeshtakiwa uchafu. Nafua vizuri. Ila nikitandika, upande ule naufikia kwa mkono tu, sipandi.

– Mfuate basi, Semina akasema, na safari hii hakutaja ya kwanza wala ya pili. Meli ipo, mabasi yapo.

– Mama mkwe kalazwa sebuleni, palepale mlangoni. Mimi nitaingilia wapi?

– Hapo kweli, Zizi akasema. Mkwe humkuti kalala. Kwetu ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite.

– Hayo ya zamani, Semina akabisha. Siku hizi unapiga hodi, wanamfunika shuka mpaka kichwani, unapita.

– Mgonjwa afunikwe kama maiti kwa ajili yangu? Elias akamuuliza.

Semina akakuna goti.

Ndipo akafika Evelina, binti mwenye lile geti la mtaroni. Akatuamkia, tukaitikia marahaba. Alijiandaa kugomba, ilionekana alivyoshika mkoba, lakini akaona kitambaa kidoleni, akakaa. Nikammiminia kahawa. Zizi akamweleza ugonjwa wote tangu mwanzo, na maji, na simu, na mguu wa kushoto, na Muleba, kana kwamba ameletwa kutoa hukumu.

– Fundi, huwa mnaongea na mkeo? Evelina akauliza.

– Kila jioni. Ananiuliza nimekula nini, namwambia. Ananiuliza kazi inaendaje, namwambia nimechoka. Ananipa pole.

– Na yeye anayegeuza mgonjwa usiku, analala saa ngapi?

Elias akageuka. Akamtazama Zizi, akamtazama Semina, kama mmoja wao angejua. Semina akachungulia ndani ya kikombe. Nami niliyekaa na Leonsia hapa nje jioni ngapi, tukichambua mchele na kusema watu, sikuwahi kumuuliza hilo. Salamu zote nilizomtumia zilikuwa za kumuuliza anarudi lini.

Elias akasimama, akatoa simu, akaenda mpaka kwenye kona ya nyumba. Sisi tukajifanya tunakunywa, na vikombe vilikuwa vitupu. Tukamsikia anasema, "Leonsia, leo usiniulize mimi." Kisha, "Wewe unalala saa ngapi?"

Baada ya hapo hatukumsikia tena. Alichuchumaa, halafu akakaa chini kabisa kwenye vumbi, mgongo ukutani, simu sikioni. Mara anatikisa kichwa, mara anafuta uso kwa kiwiko. Zizi akataka kwenda kumchungulia, nikamkalisha. Evelina akaaga. Birika lilipoa, nikaliingiza ndani, nikatoka tena, Elias yupo vilevile, anasikiliza. Huko Muleba kulikuwa na mengi.