Ghorofa ya Pili, Bila Watoto

Acheni kunong'ona, wanangu. Bado sijafa, na hata nikifa hamtaniamsha. Sogeeni nyote watatu. Wewe wa katikati kaa upande huu, sikio lako zima linielekee, maana haya sitayasema mara mbili.

Mali yangu hata panya hawawezi kuigombania. Cherehani iliyo chini ya kitanda ni ya kifungua mimba wangu: itie mafuta, ushonee sebuleni kwako mchana kweupe, ingurume hadi majirani waje kuuliza kuna nini. Mimi humu ndani sikuwahi kuzungusha gurudumu lake, sare zenu zote nilizishona kwa mkono. Siku ile mimi na marehemu baba yenu tulipokuja kupanga tulikuwa tumechoka na kule tulikotoka, choo kimoja watu ishirini na baa mlangoni. Nilipoona mtaa huu, barabara imefagiwa, ndege wanasikika, nikasema nitaishi hapa liwe liwalo. Mwenye nyumba, huyu mpima ardhi anayekaa chini, akatusomea mkataba: wapangaji wawili, bila watoto. Baba yenu akanitazama. Mimi ndiye niliyesema hatuna, na ninyi wakubwa wawili mko kwa shangazi yenu mnatungoja tuje kuwaingiza usiku kwa siri.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami niliwakunja kweli, na huyu mdogo aliyezaliwa humu humu nikamkunja zaidi: kutembea kwa soksi, kucheka uso ukiwa ndani ya mto, kupigia chafya kwenye taulo. Shangazi yenu akanisifu kwamba nina watoto wenye adabu, na kichwa kikanivimba. Hadi wewe wa katikati, baba, ulipougua sikio ukiwa na miaka sita, ukakaa siku nne unauma shuka bila kutoa sauti, na mimi mama yako niko chumba hicho hicho natia vifungo. Daktari aliniuliza, "Huyu mtoto hakulia?" Nikajibu, ni mvumilivu. Mungu anisamehe, wewe usiponisamehe sitakulaumu, kwani hujaniita mama tangu ulipohama, na ni haki yako.

Lakini linaloniua kabla ya ugonjwa ni hili. Juma lililopita mwenye nyumba alipanda kunijulia hali, akaniambia, "Mama, watoto wako niliwajua tangu wiki ya kwanza. Kile kipengele alikitaka mke wangu, kelele zilikuwa zikimsumbua kichwa, naye akafariki mwaka ule ule. Nilikuwa nakungoja useme, tukifute." Jamani! Miaka thelathini na moja, mimi na yeye tumetenganishwa na ngazi tu, na sikushuka kuuliza. Majuto ni mjukuu, na wangu huyo hapo, ana miaka miwili, tayari anatembea kwa ncha za vidole kama mwizi. Huyo sikumfundisha mimi.

Kwa hiyo wewe kitinda mimba, nakuusia, nakuomba, nakuamuru: usiandike jina lako kwenye mkataba wa nyumba hii. Mchukue mwanao, kapange uani, penye redio na wanawake wanaogombana, apige kelele na mwenzake ampigie. Mbona unainama? Nitazame. Umeshatia saini? Lini... jana. Na kile kipengele, kimefutwa? Hukuuliza. Aa, mwanangu, hukuuliza. Basi wewe ndiye uliyenirithi.

Nipeni maji. Hapana, acheni, hayapiti. Nizikeni mapema, msimsumbue mtu... shangazi yenu mwambieni nilimdanganya, hamkuwa na adabu, mlikuwa na hofu. Shikaneni. Mungu awafungulie... awafungulie vifua, awape kwenu wenyewe, pasiwe pa mtu mwingine. Radhi zangu mnazo, zote, hata wewe usiyezitaka.

Nani huyo anayelia? Ni mjukuu wangu? Ana sauti, kumbe... Mwacheni. Mwache, mama, alie. Toa mkono huo mdomoni mwake. Mwanangu... toa mkono.