Bei ya Nyumba Pacha

Kibao cha NYUMBA INAUZWA kilining'inia kwenye geti la bibi jirani kwa miezi minane, na kwa miezi hiyo yote Mzee Milioni hakunywa kikombe cha kahawa bila kukitupia jicho la mtu aliyekutanishwa na mkwe asiyempenda. Benchi la kijiwe liko ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la misumari na saruji, na ukikaa hapo unaziona nyumba zote mbili, ya bibi na ya Milioni, pacha wa kufanana walioshikana ubavu. Milioni alizijenga mwenyewe enzi zake za uashi, ramani moja, tofali moja. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limeshasahaulika. Aliitwa Milioni kwa sababu kila salamu aliijibu kwa bei ya nyumba yake. Ukimuuliza hali, anakuambia imepanda. Na kwa kuwa nyumba ni pacha, bei ya bibi ndiyo bei yake. Mara tatu bibi alifuta namba kwenye kibao akaandika nyingine ndogo zaidi, na mara tatu Milioni alishindwa kula. Jioni hiyo alipofika kijiweni, kibao hakikuwepo.

Milioni: Funguo, imeuzwa?

Funguo alikuwa dalali wa mtaa, na jina alilipata kwa rundo la funguo la kiunoni lililomtangaza kabla hajafika. Alipiga funda la kahawa refu kuliko haja.

Funguo: Imeuzwa.

Milioni: Kwa ngapi?

Funguo: Mzee, keti kwanza. Kahawa inapoa.

Milioni: Nakuuliza bei, unanijibu hali ya hewa! Kwa ngapi?

Funguo: Ile bei yako unayoitangaza... kata theluthi.

Milioni aliketi taratibu. Alihisi kama mtu ameingia kwake mchana kweupe, akatoka na sebule.

Redio: Mungu mkubwa! Mama Birika, niongeze. Leo nakunywa kwa furaha.

Huyu alikuwa mlinzi wa ghala, mpangaji wa chumba kimoja tangu ujana wake. Waliomwita Redio hawakumwonea, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Milioni: Unasherehekea msiba?

Redio: Msiba wa nani? Bei ikishuka mwenye nyumba analia, mpangaji anapiga vigelegele. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama Birika: Sasa guu na nyumba wapi na wapi?

Redio: Kwani nyumba unaingia kwa miguu au kwa masikio?

Mama Birika, mwenye birika na mwenye neno la mwisho, alimmiminia nusu kikombe kama adhabu.

Mama Birika: Haya, bei imeshuka. Umenunua?

Redio: Nangoja ishuke zaidi. Mvumilivu hula mbivu.

Mama Birika: Umengoja tangu naanza kazi hii. Hiyo mbivu itaoza mtini na wewe uko chini umeachama.

Milioni: Nyamazeni. Mimi nataka kujua aliyefanya jambo hili ni nani.

Funguo: Hakuna mtu, mzee. Benki zimepandisha riba, watu wa kawaida hawakopesheki. Kule nyuma ya kiwanda yamemalizika maghorofa manane kwa mkupuo. Nyumba nyingi, wanunuzi wachache. Mwenye haraka ya kuuza anapunguza, na asiye na haraka anapunguziwa hapo alipokaa.

Redio: Hayo ya juu juu. Mimi nina ya ndani. Vijana hawaoani! Mtu peke yake agombane na nani hata ahitaji vyumba vitatu?

Funguo: Vyumba vitatu ni vya ugomvi?

Redio: Kimoja cha kugombania, kimoja cha kununia, cha tatu cha kupatania. Ndio uchumi wenyewe huo. Tena hata waliooana siku hizi wanaishi ndani ya simu. Anayeishi ndani ya simu anahitaji nini? Soketi! Jiandae, Funguo. Mwakani utatembeza wateja: soketi inauzwa, ipo mahali patulivu, haina majirani wakorofi.

Milioni: Cheka tu. Mimi nimeona kwa macho yangu. Mwezi uliopita alipita mtu na daftari, akasimama mbele ya nyumba zetu, akatikisa kichwa, akaondoka. Tangu siku ile bei haijainuka.

Funguo: Yule ni msoma mita za maji, mzee.

Milioni: Msoma mita atatikisa kichwa kwa sababu gani? Nawaambia, nyumba zinasikia. Ile ya kona iliuzwa rahisi, hizi zikasikia, zikavunjika moyo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na mimi nilijitahidi! Nilimkataza bibi asipunguze. Nikakaa hapa hapa, kila aliyekuja kuulizia nikampa bei ya kweli kabla hajafika getini.

Mama Birika: Bei yako.

Milioni: Bei ya kweli! Siku moja niliwatimua wanne.

Funguo: Watano. Wa tano alikimbia akaacha mwavuli, ninao ofisini.

Mama Birika: Na bibi wa watu akakaa miezi minane mabegi yamefungwa, mwanawe anamngoja huko anakohamia. Hilo hukuliona?

Kusema kweli Milioni hakuwa ameliona, na sasa alipoliona hakulipenda. Lakini uchungu wake mwenyewe ulikuwa bado mbichi. Miaka thelathini alijenga kwa watu, akilipwa na kusahauliwa siku rangi inapokauka. Nyumba yake ilipoanza kupanda bei ndipo alipohisi kwamba hatimaye dunia imeitazama kazi ya mikono yake na kusema, fundi huyu si mchezo. Leo matofali ni yale yale, hakuna hata moja lililolegea, na dunia imebadili maneno.

Geti la bibi likafunguliwa. Mwanamke aliyevaa ovaroli la buluu alitoka, utepe wa kupimia mkononi, akavuka barabara moja kwa moja hadi kijiweni.

— Shikamooni wazee wangu. Mama, shikamoo.

Milioni aliijua sauti kabla ya uso. Ni binti yake, fundi wa friji, aliyepanga upande wa pili wa mji, mabasi mawili kutoka hapo, yeye na mume na watoto wawili ambao babu yao aliwaona mara moja kwa mwezi, mwezi ukiwa na huruma. Kijiweni hakuwahi kukanyaga.

Milioni: Marahaba, mwanangu! Umeitwa kutengeneza friji ya huyo mwenye nyumba mpya? Hebu niambie, ni mtu wa namna gani huyu aliyeniangusha?

Binti: Ni mimi, baba.

Milioni: Wewe ndiye nini?

Binti: Niliyenunua. Mimi na baba watoto.

Milioni alimgeukia Funguo. Funguo alikuwa ameinama anahesabu funguo zake, ambazo hazikuwa zimepungua.

Milioni: Ulijua!

Funguo: Mteja alinifunga mdomo, mzee. Miiko ya kazi.

Milioni: Na wewe, mwanangu wa kumzaa, hukuniambia?

Binti: Ningekuambia ungenipandishia bei.

Redio alicheka hadi kahawa ikampitia puani.

Milioni: Mimi? Nikupandishie wewe?

Binti: Mwaka juzi nilikupigia simu, nikakuuliza kama kuna chochote mtaani hapa tunachoweza kupata. Ukaniambia, "Mwanangu, huku si kwa watu wa mshahara." Ukacheka, baba.

Alikikumbuka kicheko kile. Alikicheka kwa raha, akijivunia mtaa, na baada ya kukata simu akaja kijiweni kuwasimulia wenzake. Wala hakujiuliza mtoto alikuwa anaomba nini. Aibu ilimshika, ya mtu mzima, isiyokuwa na pa kujifichia.

Milioni: Lakini mwanangu... theluthi nzima imekwenda.

Binti: Sawa, baba. Sasa isingekwenda, mimi ningekaa wapi?

Redio alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo halikuwa limewahi kushuhudiwa mtaani pale. Mama Birika alisimama na birika hewani. Milioni aliitazama nyumba ya bibi, kisha ya kwake, kisha ya bibi tena, na kitu kizito alichokuwa amekibeba tangu atajiwe bei kikamtoka kifuani kama gunia linavyoshushwa mgongoni. Akasimama wima.

Milioni: Mama Birika! Wamiminie wote, hata huyu Redio! Mwanangu kanunua nyumba! Na kainunua theluthi pungufu! Nani kati yenu ana mtoto mwenye akili kiasi hiki?

Redio: Si sasa hivi tulikuwa msibani?

Milioni: Msiba gani? Kaa kimya, unatia nuksi. Funguo, hukuweza kumkatia nusu kabisa?

Binti alicheka, akafuta jicho kwa mkono wa ovaroli, akijifanya ni vumbi.

Binti: Baba, ila kuna kazi. Nimepima ule ukuta wa kati.

Milioni: Una nini? Umepasuka? Haiwezekani, ule nimeulaza tofali mimi.

Binti: Haujapasuka. Nataka utoboe mlango. Watoto wakitoka shule wapite ndani kwa ndani waje kwako, bila kuzunguka barabarani.

Mzee alivuta pumzi. Alikuwa ameshaanza kazi kichwani: linta ya kubeba tofali juu ya mlango iwe ya urefu gani, aanzie juu au chini, mchanga uliobaki nyuma ya choo utatosha au hautoshi.

Milioni: Siku nne. Tano, nikisaidiwa na watu wavivu kama hawa. Twende nikauone.

Alivuka barabara akikunja mikono ya shati, binti nyuma yake, kikombe cha kahawa kikabaki benchini kimejaa. Funguo akainuka, dalali ni dalali hata katika furaha ya watu.

Funguo: Mzee! Mzee Milioni! Nasema kwa nia njema! Ukitoboa mlango hapo, hakuna mnunuzi atakayetaka nyumba inayotokea kwa jirani! Zitashuka bei zote mbili!

— Ziache zishuke!

Alilisema kwa sauti ya fundi aliyeko juu ya paa, bila kugeuka nyuma, na tayari alikuwa ameshaingia getini.